Mgagani wa Bwana Nyati

Hapo zamani za kale, Bwana Nyati alipokuwa bado ana zizi, mgagani uliota humo kwa wingi, maana mboga hiyo hupenda penye samadi. Nje ya zizi hukupata hata mche. Basi Nyati alilala mlangoni, jicho moja wazi, akimshuku kila apitaye. Hata kivuli chake alikishuku, nyie!

Mpishi wake alikuwa Pimbi, mdogo, hana hata mkia. Alikaa ua huohuo na mkewe, aliyekuwa amejifungua juzi. Damu ilimpungua, maziwa hayatoki, na mtoto analia ng'aa! ng'aa!

"Bwana mkubwa," Pimbi akaomba, "nipe konzi moja tu ya mgagani. Ndiyo mboga ya wazazi. Huongeza damu, huleta maziwa."

"Thubutu! Mwizi wewe. Nenda kapike changu!"

Pimbi akaondoka moyo unamchemka. Akauchemsha mgagani, akamwaga maji machungu ya kwanza, akaunga kwa karanga. Akaweka chungu mbele ya Nyati, akashusha pumzi.

"Kula tu, bwana. Usiulize."

Nyati akaruka. "Nisiulize nini? Aliyepika huonja kwanza. Onja!"

Pimbi akaonja.

"Mbona umekunja uso?"

"Uchungu kidogo tu, bwana."

"Uchungu! Sumu hiyo! Na wewe umeshaizoea. Aonje mtu dhaifu, tutajua upesi."

Pimbi akapiga magoti. "Yeyote, bwana, ila si mke wangu! Mzazi yule!"

"Ahaa! Huyo huyo! Ale chungu chote, namtazama."

Mke akala, kwachu kwachu, akakomba chungu. Nyati akasubiri aanguke. Wapi!

"Ni sumu ya polepole," akanong'ona. "Kesho ale tena."

Kesho akala, keshokutwa akala. Mashavu yakajaa, maziwa yakaja, mtoto akanyonya nyu, nyu, nyu, akalala. Pimbi akalia kwa furaha, akasingizia moshi.

Siku moja Nyati, mbavu nje kwa njaa, akamwona mzazi anatwanga huku anaimba.

"Pimbi! Ulikuwa unatia nini humo chunguni?"

"Mgagani wako, bwana. Na karanga."

Nyati akakimbilia zizini, gidi gidi gidi! Mashina matupu. Akarudi, akatia ulimi ndani ya chungu. Kilikuwa kimeshaoshwa.

Basi wanangu, mchoyo humshuku kila mtu, na shuku haijazi tumbo.