Bibi Mwajaka na Kuku wa Migongo Wazi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo, ya mgonjwa wa surua? Paukwa!

PAKAWA!

Haya. Hapo zamani za kale, kuku walipokuwa wengi kuliko umbeya, palikuwa na mwanamke jina lake Mboni. Mumewe aliitwa Kibwana. Na kipenzi cha Kibwana kilikuwa Shujaa. Shujaa ni mtoto? Si mtoto. Ni jogoo.

Basi kuku saba wa Mboni wakaanza kunyonyoka manyoya. Leo huyu, kesho yule. Mgongo wazi, ngozi imechanika, damu inachuruzika. Na wenzao wakiuona ule wekundu, do! do! do! wanadonoa. Kidonda kikawa shimo.

Kibwana akamleta mpiga ramli. Chakacha, chakacha! kokoto zikatupwa. "Mchawi yumo humu humu, jikoni." Kisha akabeba kuku watatu wa ujira, tena wale wenye nafuu. Ramli haili kuku wa kidonda.

Kibwana akamgeukia mkewe. "Siku saba. Wasipopona hawa wanne, urudi kwenu."

Mboni alilia mpaka kamasi. Miaka kumi ya ndoa! Kuku hao aliwalea tangu vifaranga, akiwalaza chini ya kitanda chake, leo yeye ndiye mchawi? Iliuma. Akajifunga kanga, akaenda kwa Bibi Mwajaka.

Bibi Mwajaka huyo tunamkumbuka mpaka leo. Alikuwa na meno mawili, nayo hayasalimiani. Alijamba mbele ya wazee wa mji, wazee wakatazama mawingu, kwa kuwa mifugo yao yote ilipona mikononi mwake.

Akaja asubuhi. Akainua mabawa, akapekua. "Utitiri hamna." Akaosha vidonda kwa maji vuguvugu ya chumvi. Akachanganya masizi ya chungu na mafuta ya nazi, akawapaka migongo mpaka ikawa myeusi tititi.

"Mbona masizi, bibi?" Mboni akauliza.

"Kuku akiona wekundu haachi, mjukuu wangu. Asipouona, hadonoi. Sasa tuketi."

Wakaketi uani. Kibwana kasimama mlangoni, kanuna.

Akatoka Shujaa. Kokorikoo! Pu! akampanda wa kwanza. Kwaruu! vipi vyake vikachana, ile miiba ya nyuma ya miguu, mirefu kama kidole. Unyoya ukaruka. Pu! wa pili. Kwaruu! Unyoya ukaruka. Pu! yule yule wa kwanza, hata hajavuta pumzi. Kwaruu!

Bibi Mwajaka akacheka mpaka akajamba.

"Kibwana! Njoo umwone mchawi wako. Kila alfajiri anawika, nawe unaamka kumsikiliza!"

"Shujaa? Bibi, huyo ni dume la haja!"

"Dume la haja kwako. Waulize wenye migongo! Mkate vipi umfungie mbali, au mtie chunguni. Akibaki hapa, masizi yangu ni kazi bure."

Mboni akasimama, akajipangusa machozi. "Kufungiwa sitaki. Ni mimi au Shujaa."

Kibwana akafikiri. Naam, wenzangu, alifikiri! Akamtazama mke. Akamtazama jogoo. Akamtazama tena jogoo. Bibi Mwajaka akaokota bakora yake. Hapo fikra zikamjia upesi.

Shujaa akachinjwa. Mboni akampika kwa tui zito, majirani wakaitwa. Na katika mji ule firigisi ni ya mume. Hata mke mwenye mimba haombi.

Kibwana akanyoosha mkono. Mboni akawahi. Akaichukua firigisi kwa vidole viwili, akaitia kinywani mwake, akatafuna polepole huku akimtazama mumewe.

"Mpeni Kibwana shingo," akasema Bibi Mwajaka. "Yeye ndiye aliyekuwa akiipenda sauti yake."

Kibwana akaishika shingo, akainama. "Nisamehe, mke wangu. Nilikusingizia."

Mboni akasema, "Ngoja nimeze."

Na wale kuku? Vidonda vilikauka, manyoya yakaota upya. Basi nawe, kabla hujamsaka mchawi jikoni, mchunguze kwanza unayemsifu uani. Hadithi yangu imeishia hapo: jogoo kaliwa, mifupa kapewa paka.