Kawa la Mkurugenzi

Watu hupenda kuieleza methali ya mficha maradhi kwa upole, eti mgonjwa akiificha homa yake, iko siku kilio kitaitangaza. Upole wa nini? Wako watu wanaoficha maradhi ambayo hata si yao. Wanaficha ya wenzao, wanakula wanashiba, wanalala fofofo. Mmoja wao alikuwa mkurugenzi wa kiwanda cha magodoro, na hii ni habari yake na mwanasheria wa kampuni yake.

Mwanasheria huyo alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye ofisi ndogo iliyopakana na stoo ya sponji. Alipoajiriwa alidhani ataombwa ushauri. Thubutu! Mkurugenzi alikuwa amesikia mahali fulani kwamba maneno ya mteja na wakili wake ni siri, hata mahakama haiyafungui. Akaishika nusu hiyo ya habari kama mtoto aliyeokota wembe. Basi kila kikao chenye jambo linalonuka, mwanasheria aliitwa, akawekewa kiti karibu na mlango, na wakubwa wakajimwagia maneno mbele yake bila hofu. Walimbandika jina la Kawa, yaani kifuniko cha kufunikia chakula nzi wasiingie.

"Chakula kimeiva, leteni kawa," mkurugenzi angesema, na wenzake wangecheka mpaka machozi yawatoke.

Siku ya kwanza aliwaeleza kinagaubaga. "Bosi, siri hiyo ni ya mtu anayekuja kuniomba ushauri wa sheria. Kunikalisha hapa kama pambo hakuwafichii kitu."

"Mama," mkurugenzi akamjibu huku akichokonoa meno, "hukuitwa useme. Umeitwa ukae."

Nyuma ya kiwanda kulikuwa na chumba cha gundi. Humo wanawake walipaka gundi kwenye vipande vya sponji na kuviunganisha. Madirisha yalifungwa vumbi lisiingie, na feni kubwa ya kutolea mvuke nje ilizimwa. Haikuwa mbovu, hata kidogo. Ila ikiwaka, gundi hukauka kabla ya vipande kushikana, ikabidi kupakwa tena, na mapipa huisha haraka. "Feni hiyo inakunywa gundi yangu," mkurugenzi alisema, na swichi ikatiwa kwenye kisanduku chenye ufunguo, na ufunguo ukatiwa mfukoni mwake.

Miongoni mwa wapaka gundi alikuwamo wifi yake mwanasheria, mjane wa marehemu kaka yake, mama wa watoto pacha. Mwanasheria ndiye aliyemtafutia kazi ile. Mchana walikuwa wakikaa pamoja penye bomba la uani, wakila na kutaniana kama mawifi wanavyotaniana.

"Wifi, mbona unamwaga chai? Umelewa mchana huu?"

"Nimelewa gundi. Nyinyi wa ofisini mnalewa kiyoyozi, sisi twalewa bure," wifi alijibu akicheka. Lakini mkono ulikuwa ukitetemeka, akakishika kikombe kwa mikono miwili.

Ndipo akaletwa mtaalamu wa kupima hewa, maana mteja mmoja mkubwa alitaka uthibitisho kwamba wafanyakazi wako salama. Kesho yake kawa likaitwa. Meneja wa uzalishaji alizungumza akitazama meza. "Mtaalamu anasema mvuke umepita kiasi. Mtu anaweza kufa mle ndani. Anataka feni iwashwe leo leo."

"Mwambie tumeshaiwasha," mkurugenzi alisema.

"Lakini bosi, hatuja..."

"Funika kombe mwanaharamu apite! Oda ya mteja ikishatoka, tutaiwasha."

Mwanasheria akasimama. "Hilo ni kosa la jinai. Mnawaua watu huku mnahesabu mapipa."

"Kaa chini!" Mkurugenzi aligonga meza. "Mkataba wako una kifungu cha siri. Neno moja likitoka nje ya mlango huu, nakupeleka kwa kamati ya mawakili, na joho utalivalia jikoni kwako."

Mwanasheria alikwenda kwa mwenyekiti wa bodi, ambaye alikuwa shemeji yake mkurugenzi. Mwenyekiti alimsikiliza, akampa soda, akamwambia mambo ya nyumbani humalizwa nyumbani. Loo! Nyumba gani hiyo, ambayo baba anawafungia watu moshini na mjomba anagawa soda?

Jioni hiyo akamfuata wifi yake getini.

"Wifi, acha kazi."

"Ebo! Kuna nini?"

Mwanasheria alitaka kumwambia. Akauona mkataba, akaiona kamati, akaona miaka yote aliyosoma ikitupwa jalalani. "Acha tu," akasema. "Niamini."

"Nikiacha, pacha watakula sheria zako?" Wifi akamgusa bega kwa mzaha. "Nipe sababu, nitaacha hata sasa hivi."

Mwanasheria hakumpa. Alijipa moyo kwamba Jumatatu atamwandikia mkaguzi wa serikali, liwalo na liwe.

Jumamosi wifi alianguka chumbani mwa gundi, brashi mkononi. Wenzake walimkokota hadi uani, wakampepea kwa kanga, wakamwita jina lake. Alikata roho kabla gari halijapatikana. Na mnajua mkurugenzi alitoa amri gani ya kwanza? Aliutoa ufunguo mfukoni, akasema feni iwashwe. Ikanguruma palepale, nzima kabisa, kama ilivyokuwa nzima siku zote. Kisha, uso mkavu, akapeleka msibani magodoro mawili mapya, pole kwa pacha. Mwanasheria aliyanusa, akayaburura nje kwa mikono yake, na watoto wakalala mkekani na bibi yao.

Uchunguzi wa kifo ukafunguliwa mbele ya hakimu. Mkurugenzi alikuja na wakili wa kukodi, na wakili huyo akapinga mapema: yote yaliyosemwa vikaoni yalisemwa mbele ya mwanasheria wa kampuni, kwa hiyo ni siri. Mkurugenzi akajinyoosha kitini kama mtu aliyekwisha kushinda.

Hakimu alivua miwani. "Kwa hiyo, mkurugenzi, huyu mama ndiye aliyekushauri uiache feni imezimwa?"

Wakili wa kukodi alimvuta mkono, lakini kiburi si maungwana. "Mimi nishauriwe na huyu?" mkurugenzi akang'aka. "Mheshimiwa, sijawahi kumwomba ushauri hata siku moja. Tulimwita akae tu!"

Wakili wa kukodi akajifunika uso kwa faili.

"Basi kama hukuomba ushauri," hakimu akasema taratibu, "hakuna siri ya kulinda. Mama, simama useme."

Kawa likafunuka. Mwanasheria alisema yote: swichi, ufunguo, mtaalamu, oda, kombe na mwanaharamu wake. Meneja wa uzalishaji alipoulizwa kama ni kweli, alilia, akakubali. Mkurugenzi alitoka mahakamani katikati ya askari wawili, akiwauliza watu wote wakili wake yuko wapi.

Penye ngazi, bibi wa pacha, mama mzazi wa mwanasheria, alikuwa akimngoja bintiye. Hakumpongeza.

"Mwanangu, kumbe ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Na hakimu anasema haikuwa siri."

"Niliwaambia hivyo tangu siku ya kwanza."

"Sasa mwenzio ulimnyamazia kwa nini?"

"Niliogopa, mama."

Mama mtu akawashika pacha mikono, mmoja huku na mmoja huku, akateremka nao ngazi bila kugeuka nyuma.

Msiniambie basi kwamba haki ilitendeka mkanyamaza hapo. Mkurugenzi aliumbuka, na mwanasheria aliumbuka kwa namna yake. Aliyelipia ni mwanamke aliyeomba sababu moja tu akanyimwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nacho kifo chenyewe kinaweza kuwa cha mwenziwe.