Ukuta wa Mashavu Ulioota Ndevu

Paukwa!

Mbona mnaitikia kwa aibu kama wageni? Rudieni, na walio nyuma wasikike. Paukwa!

Pakawa! Haya, sasa tuko pamoja.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi zetu walizisikia tu, palikuwa na kijiji. Jina la kijiji limesahauliwa. Jina la bibi mmoja wa kijiji kile halikusahauliwa, nalo ni Bibi Somoe. Mungu amrehemu. Alikuwa mfupi, ana meno matatu, na kila aendako alijitwika kikapu kikubwa kuliko yeye. Mlikuwa na nini ndani? Takataka! Vigae vya mitungi iliyovunjika. Vifuu vya nazi. Makombe ya konokono. Vipande vya ukili wa kushonea mikeka. Watu walitupa, yeye akaokota. Watu walimcheka, naye akacheka pamoja nao, tena akawazidi.

Kijiji kile kilikuwa na desturi. Kila mwaka, kabla ya masika, mwezi ukiwa mpevu, ilikuwa Siku ya Kugonga. Mzee Pazi alishika fimbo yake akapita nyumba hadi nyumba, akigonga kuta. Ndu! Ndu! Ndu! Ukuta wa mbele ukiwa umekandikwa udongo mpya, nyumba ile iko hai. Ukiwa haujakandikwa, nyumba imekufa, inaitwa gofu. Na gofu lilibomolewa. Miti yake waligawana majirani, mwenye nyumba akaenda kukaa kwa ndugu zake.

Katika kijiji hicho aliishi mjane, jina lake Mashavu. Mumewe, Sudi, alikuwa amefariki miezi minane nyuma. Eda ilikwisha. Watu walirudi kwenye shughuli zao, kama watu wanavyorudi. Mashavu akabaki na nyumba. Tangu siku ya mazishi hakuwasha moto jikoni. Alikula alicholetewa, na asipoletewa alitafuna muhogo mbichi akanywa maji. Uani majani makavu yalimfika kwenye vifundo vya miguu.

Na ukuta wa mbele haukukandikwa. Watu wakasema, "Mashavu mvivu."

Hakuwa mvivu. Ukuta ule, mwaka uliopita, aliukandika Sudi. Sudi hakuwa na subira ya kulainisha udongo. Aliubonyeza kwa vidole, bonye, bonye, bonye, akauacha na vishimo safu kwa safu, toka chini hadi juu. Kila asubuhi Mashavu alitia kidole chake katika kishimo kimoja, akasema, "Umeamkaje, mume wangu?" Kisha akangoja kidogo. Kuukandika ukuta ule ilikuwa kumzika Sudi mara ya pili. Hilo hakumwambia mtu.

Basi mwezi ukaandama, mwembamba kama ukucha. Zikabaki siku kumi na nne.

Jirani yake Kazija akaja. Hakuketi. Alizunguka nyumba, akapapasa nguzo ya pembeni.

"Shoga, huu mti umenyooka!"

"Una nini na mti wangu, Kazija?"

"Naangalia tu. Mume wangu anataka kujenga banda la kuku."

"Nyumba hii ina mwenyewe."

"Ndiyo, shoga. Kwa siku kumi na nne." Akaenda zake, na wowowo lake likatingishika kwa furaha.

Mashavu akakaa chini akalia. Akalia mpaka aliposikia njiani, chenge, chenge, chenge!

"Hodi!"

"Karibu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nishikie hiki."

Akamtwisha kikapu. Hakusema pole. Pole Mashavu alikwishapewa nyingi, zimejaa nyumba nzima na hazikufagia ua. Bibi Somoe alikaa kwenye majani makavu, akatoa makombe ya konokono na uzi wa makumbi ya nazi.

"Mimi macho hayaoni tundu. Wewe tunga."

Mashavu akatunga. Kombe moja, fundo. Kombe la pili, fundo. Jua lilipopinda walikuwa na nyuzi kumi na mbili, wakazitundika mlangoni. Upepo ukapita. Chenge, chenge, chenge! Mashavu akageuka haraka kutazama nani kaja. Hakuja mtu, ila mlango wake ulikuwa umesema.

Siku ya pili, hodi! "Nishikie hiki." Walifagia ua, wakachimbia vigae pande mbili za njia, chekundu, cheusi, chekundu, cheusi, toka mlangoni hadi barabarani. Siku ya tatu walitoboa vifuu vya nazi, wakavifunga kamba, wakatia udongo na vitawi vya mrehani, wakavining'iniza chini ya paa. Bibi Somoe hakuwa anafika juu. Alipanda kinu kilichopinduliwa, kinu kikayumba, akaning'inia kwenye boriti akipiga mateke hewani.

"Nishushe, Mashavu! Watasema Bibi Somoe naye kageuka kifuu!"

Siku ya nne zikaja rangi. Udongo mwekundu wa kichuguu. Majivu meupe. Mkaa uliotwangwa. Miswaki ndiyo ilikuwa brashi zao, wakaitafuna ncha mpaka ikawa manyoya.

"Rangi hii itashika, bibi?"

"Itashika. Nimekuja na kitu cha kuifanya ishike." Akatoa kibuyu cha uji uliochacha, akaumimina wote ndani ya rangi.

Wakapaka kuta za pembeni. Paka, paka, paka! Pembetatu nyeupe, duara nyekundu, samaki ambaye Bibi Somoe alisema ni ndege. Ilipendeza! Walisimama mbali wakaitazama. Kisha wakaingia ndani kunywa maji.

Walipotoka, mbuzi saba wa Kazija walikuwa wamejipanga ukutani, wanalamba. Lamba, lamba, lamba! Pembetatu zimekwisha. Duara zimekwisha. Mbuzi mmoja ana masharubu meupe, mwingine kajipaka nyekundu mpaka machoni kama bibi harusi.

"Bibi! Wanakula nyumba!"

"Uji, mjukuu wangu! Nimewapikia karamu!"

Bibi Somoe akakimbia na ufagio, akakanyaga ndoo ya rangi, akateleza, paa! Akakaa kitako ndani ya udongo mwekundu, kikapu kimemfunika kichwa. Humo ndani ya kikapu sauti ikasema taratibu, "Mashavu. Mimi niko wapi?"

Hapo Mashavu akacheka. Kicheko kilimtoka kama chafya, hakukijua kinakuja. Akajiziba mdomo. Miezi minane! Akaogopa, akatazama ukuta wa mbele kama mtu aliyefumaniwa. Kisha kikamtoka kingine, na kingine, akakaa naye ndani ya udongo, wakacheka wote wawili mpaka mbuzi wakaacha kulamba wakawatazama.

Kuta zile walizipaka tena, mara hii bila uji.

Ukabaki ukuta wa mbele. Bibi Somoe akasimama mbele yake. Aliviona vile vishimo. Akaiona safu moja, ile inayolingana na kifua cha mtu, vishimo vyake vimelainika na kung'aa kwa kuguswa kila siku. Hakuuliza.

"Huu hatuukandiki," akasema.

Mashavu akamgeukia. "Lakini Mzee Pazi, bibi?"

"Mzee Pazi ana fimbo yake. Sisi tuna ukuta wetu. Una kunde?"

"Ninazo. Kibaba kimoja."

"Basi kila kishimo kunde moja, na tone la udongo nyuma yake ishike. Zitang'aa kama macho ya samaki. Ila zikaange kwanza, mjukuu wangu. Zikaange vizuri."

Mashavu akaingia jikoni. Mafiga matatu, majivu baridi, buibui katandaza mtandao wake juu ya chungu. Akasimama pale. Mkono haukunyanyuka. Moto ule aliuwasha mara ya mwisho kumchemshia Sudi maji ya dawa. Akakaa muda ambao ungetosha kukaanga, kisha akatoka na kunde mbichi.

"Tayari, bibi."

"Ahsante, mjukuu wangu," Bibi Somoe akasema, na wakaanza. Kishimo, tone, kunde. Kishimo, tone, kunde. Toka asubuhi mpaka alasiri, ukuta wote. Jua lilipoupiga, kila alama ya kidole cha Sudi ilikuwa na jicho linalong'aa.

Usiku ule yakaja manyunyu. Yakaja siku ya pili, na ya tatu, na ya nne. Mvua ndogo ndogo, haina haraka, Mungu mwenyewe ndiye ajuaye kwa nini ilikuja mapema.

Siku ya tano Kazija alipita, akasimama, akashika kiuno.

"Shoga! Shoga wee! Njoo nje! Ukuta wako umeota ndevu!"

Mashavu akatoka mbio. Lahaula! Ukuta mzima ulikuwa kijani. Kunde zimeamka, kila moja imetoa shingo na majani mawili, zinatikisika kwa upepo. Kazija alicheka mpaka khanga ikamvuka.

"Kesho utaupeleka kwa kinyozi! Sasa Mzee Pazi atagonga wapi, mashavuni?"

Bibi Somoe alipokuja, Mashavu alikuwa analia.

"Bibi, nilikudanganya. Sikuzikaanga."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Kunde zikikaangwa hunukia mpaka barabarani. Mimi meno yamekwenda, pua ipo."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungewasha moto kwa kuniogopa mimi. Nikamwachia Mungu, na kunde." Akauangalia ukuta, midomo ikaanza kumcheza. "Ila, mjukuu wangu, ndevu hizi! Sudi mwenyewe hakuwa nazo hata tatu!"

Ilikuwa kweli. Marehemu alikuwa na kidevu kama yai. Mashavu akalia na kucheka kwa pamoja, mpaka hakujua machozi yapi ni ya nini.

Kunde zikakua. Mwezi ukajaa. Siku ya Kugonga ikafika.

Mzee Pazi akaja na fimbo, kijiji kizima nyuma yake. Mume wa Kazija alikuwa amebeba kamba ya kufungia miti. Ndu! Ukuta wa kulia uko hai. Ndu! Wa kushoto uko hai. Akafika mbele, akainua fimbo, fimbo ikabaki juu.

"Hiki nini?"

"Ukuta, mzee wangu," akasema Mashavu.

"Miaka thelathini nagonga kuta. Huu nikiugonga nitaukatia mboga." Akapenyeza mkono katikati ya majani, akapapasa. Uso wake ukakunjika. "Mama, udongo huu ni wa mwaka jana. Hukukandika. Nami nakuonea huruma, Mungu anajua, lakini ukuta wa mbele haukukandikwa."

Mume wa Kazija akafungua kamba. Makombe mlangoni yakalia, chenge, mara moja tu. Mashavu akamtafuta Bibi Somoe kwa macho. Bibi Somoe alikuwa anaangalia chini, hana la kumshikisha leo.

Mashavu akasogea mbele.

"Mzee wangu, umetembea tangu alfajiri. Umekula?"

"Nani anakula Siku ya Kugonga? Sijala."

"Basi kaa kidogo. Ule, ndipo uhukumu."

Tumbo la Mzee Pazi likajibu kabla ya mwenyewe. Ngurrr! Watu wote walilisikia. Akakaa.

Mashavu akaenda ukutani, akachuma majani teketeke, safu kwa safu, akayajaza kwenye upande wa khanga. Akaingia jikoni. Akamwondoa buibui kwa adabu. Akasema, "Bismillahi," akawasha moto.

Nje watu walikuwa wanatazama paa. Uzi mwembamba wa moshi ukatoka. Kisha moshi mnene. "Jamani!" akasema mtu, na wanawake wakapiga vigelegele, Kazija akiwa miongoni mwao, amesahau banda la kuku.

Ikaja mboga ya majani ya kunde kwa tui la nazi, na ugali unaofuka. Mzee Pazi akamega, akatowea, akatafuna. Akafumba macho. Akamega tena. Akafuta bakuli kwa kidole, akalamba kidole.

"Mama, mboga hii tamu. Umeitoa shamba gani?"

"Hujaiona, mzee wangu? Ulikuwa umeishika sasa hivi."

Mzee Pazi akageuka. Akauona ukuta, umenyolewa nusu. Akatazama bakuli. Akatazama ukuta.

"Nimekula ukuta?"

"Umekula ukuta!" kijiji kikaitikia.

Mzee Pazi alikuwa mtu mzito, lakini mabega yake yakaanza kutikisika, kisha tumbo, kisha mzee mzima akaanguka ubavu kwenye vigae akicheka, fimbo imemponyoka. Alipopata pumzi akasema, "Nimeshiba. Gofu lingenishibisha? Nyumba hii iko hai. Wewe mwenye kamba, kafunge mbuzi wako, wasije wakaila kabla sijarudi!"

Watu walipoondoka, Mashavu akakanda udongo kidogo mkononi. Akaenda pembeni ya ukuta wa mbele, mahali ambapo Sudi aliacha wazi, akaupaka pale. Akabonyeza vidole vyake mwenyewe, bonye, bonye, bonye, safu ikafuatana na safu ya Sudi. Bibi Somoe akamtazama, akafunga kikapu chake, akaenda zake. Kesho yake kikapu hicho kilibisha hodi kwenye nyumba nyingine.

Basi, wasikilizaji wangu, mkimwona aliyefiwa, msimpe maneno tu. Mkalieni karibu, mpeni kitu cha kushika, kazi ndogo ya mikono miwili, hata kama ni kombe na uzi. Na wewe uliyefiwa, usiogope kicheko kikikutoka. Marehemu hakuibiwa chochote. Mungu ndiye aliyekuletea.

Hadithi yangu imefika mlangoni, imevua viatu, imekaa. Mimi siiinui tena.