Posho ya Mguu wa Amiri Shaali

Hapo zamani, masultani walipokuwa wengi kuliko visima vya maji matamu, mji wa Sambarani ulikuwa na desturi ambayo mimi, niliyezunguka miji mingi na kurudi na malengelenge tu, sijaiona kwingine. Mtu akiumia katika kazi ya Sultani, akashindwa kuchuma, hupewa posho ya kila siku kutoka ghala ya Sultani. Lakini mgawaji haiti jina la mtu. Huita kiungo kilichoumia.

Basi Amiri Shaali, mkuu wa farasi, alianguka siku ya Idi alipogeuka kuwatazama wanawake waliokuwa dirishani, akavunjika mguu wa kulia, ukapooza. Ikawa kila asubuhi huitwa, "Mguu wa Amiri Shaali," naye hupokea vibaba vitatu vya mchele, samli na paja la mbuzi. Mwaka haujapita, akamwacha mkewe, Mwana Zena, na watoto wawili, wala hakuwapelekea hata ukoko.

Mwana Zena akaenda barazani kudai chakula cha watoto. Shaali akajibu kwa sauti ya mtu aliyeshiba, "Maulana, mimi sina kazi wala kipato. Posho ile umeupa mguu, hukunipa mimi. Nitaudhulumuje mguu mgonjwa, nikalishe watoto wazima?"

Wenye vilemba wakatikisa vichwa, maana kilemba kikiwa kizito shingo haina hiari. Sultani akaiona hoja ile kuwa ya kisomi, akasema, "Bibi, niletee mtoto aliyezaliwa na mguu, nami nitauamuru mguu umlishe. Una siku tatu. Ukishindwa, usirudi hapa."

Mwana Zena akatoka akilia. Njiani akakutana na jirani yake, Faki Tumbotupu, mtu asiyemiliki kitu ila ulimi.

"Dada, mbona machozi?"

"Nimeambiwa nilete mtoto wa mguu."

"Ah, hilo dogo. Kubwa ni vile ulivyokubali kuolewa na yule."

"Faki, watoto wangu jana wamekula mchicha mtupu, na leo hata huo mchicha haupo. Usinitanie."

Faki akaacha utani, akaenda kutafuta kamba.

Siku ya tatu akaingia barazani pamoja na Mwana Zena, kamba mkononi, akainama mpaka kofia ikaanguka. "Maulana, mtoto wa mguu hatukumpata. Ila nimekuja kushitaki wizi wa posho yako."

Sultani akakunja uso, kwani mwizi wa posho Sambarani hufungwa na kunyweshwa maji matupu. "Nani kaiba?"

"Niruhusu nipime kwanza."

Akaupima mguu wa Shaali. Kamba ikauzunguka mara nne. Akalipima tumbo, kamba haikufika, ikabidi aazime kilemba cha Waziri kuungia.

"Maulana, huu mguu unapokea vibaba vitatu kila siku, nao umekonda kama mpini wa jembe. Tumbo halijaitwa ghalani hata siku moja, nalo limenenepa hivi. Mwizi si huyu? Naomba tumbo lifungwe. Mguu nitauchukua mimi, niupake wali asubuhi na jioni."

Shaali akatoka jasho. "Tumbo likifungwa, mimi je?"

"Hayo ni yako na tumbo lako, Amiri. Mwana Zena alipokuja kuwaombea watoto, hukusema kama wewe na mguu mmeungana."

"Tumeungana, mwehu wewe. Posho ni yangu. Imeshika mahali pa mshahara niliokuwa nikichuma. Ndiyo inayoniweka hai."

"Na ulipokuwa ukichuma, uliwalisha wanao?"

"Niliwalisha."

"Basi walishe. Umevunjika mguu wewe. Wao hawakuvunjika matumbo."

Baraza zima likacheka, na Sultani akacheka zaidi, akajipiga mapaja. Akahukumu kuwa mgonjwa aachiwe cha kumtosha, na kibaba kimoja na nusu ya paja vitolewe kila asubuhi kwa watoto, palepale ghalani, kabla havijapita mikononi mwa baba yao.

Mwana Zena akangoja kicheko kiishe. "Maulana, umecheka vyema. Siku hizi tatu ulizonituma kutafuta mtoto wa mguu, wangu wamelala njaa."

Sultani akaacha kucheka. Akashuka kitini, akaagiza gunia, akachukua kibaba kwa mkono wake mwenyewe ampimie. Lakini tangu azaliwe hakuwahi kushika kibaba. Nusu ya mchele ukaingia kikapuni, nusu ukamwagika miguuni pake. Wenye vilemba wakatazama dari. Faki akapiga magoti akauokota punje kwa punje, naye Sultani ikambidi asimame wima bila kusogea, asije akaukanyaga, hadi Faki alipomaliza. Na Faki hakuwa na haraka.