Kakakuona, Mpingo na Shoka la Fisi

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa nani?"
"Mpingo mmoja, Kakakuona mmoja."
"Na wenzao?"
"Tuambie wewe!"

Basi walibaki wawili. Mpingo alisimama, Kakakuona alitembea. Mpingo alimwita Kakakuona shemeji, maana mke wa Kakakuona alizoea kulala mizizini pa Mpingo kama dada yake, hadi wanakijiji walipombeba.

Siku moja Fisi akaja na shoka. Kwaru! Kwaru! Akalinoa.

"Mpingo wa mwisho, bei juu. Kakakuona wa mwisho, bei juu. Nianze na nani?"

"Kimbia, shemeji," Mpingo akanong'ona. "Wewe una miguu."

"Na wewe?"

"Mimi nina miaka themanini papa hapa."

Moyo wa Kakakuona ukapiga du! du! du! Mwili ukataka kujikunja. Akaukataza. Anayejikunja hubebwa kama kikapu.

"Mzee Fisi," akasema, "utakata bila kuagua? Niwekee maji, jembe na shoka. Nikigusa maji, mvua. Nikigusa jembe, mavuno. Nikigusa shoka..."

"Enhe?"

"Mwenye shoka haioni jioni."

"Kwi-kwi-kwi! Unaniona mshamba?"

Hata hivyo alikwenda shambani, akarudi na kibuyu cha maji na jembe. Nani pande zile hakulelewa akiambiwa kwamba Kakakuona hakosei?

Kakakuona akayafikia maji. Akanusa, akapita. Du! du!
Akalifikia jembe. Akanusa, akapita. Du! du! du!
Akalifikia shoka. Akaliwekea ukucha.

Fisi akanywea. "Mjukuu wangu, dawa yake?"

"Litupe mtoni. Usigeuke nyuma."

Chubwi! Fisi huyoo, tifu-tifu-tifu, mkia katikati ya miguu.

Mpingo akashusha pumzi. "Shemeji, kumbe uaguzi ni kweli?"

Kakakuona akarudi mizizini.

"Dada yako aligusa maji mbele ya kijiji kizima. Wakapiga vigelegele, kisha wakamtia guniani. Mvua haikunyesha."

Wakatega masikio wote wawili: mtoni kimya, njiani kimya. Lakini madukani mashoka hayajaisha, na Fisi jioni ataiona.

Ngano yangu imefika ukingoni, mwenye swali amfuate Fisi. Na funzo lake, wanangu, lishikeni sana: uaguzi wa Kakakuona haukosei kamwe.