Msumari wa Juu Kituoni Igombwe

"Maneno ya wengi, msumari wa mmoja." Ndivyo alivyowaambia shangazi yenu Nyamizi jana, mliporudi na njaa kutoka kwenye mgahawa ule ambao simu zenu ziliupa nyota tano. Alicheka, akaenda kuwapashia moto makande, nanyi mkabaki mkiulizana msumari umeingiaje katika habari za chakula. Basi sikilizeni, kwani methali hii ina mahali ilipozaliwa.

Zamani za treni ya mvuke, kila treni ilisimama katika kituo cha Igombwe ili injini inywe maji. Abiria walishuka wakiwa na njaa ya safari nzima na muda wa sahani moja tu. Kando ya uzio walipanga meko yao akina mama wapishi, na kila mmoja aliita, "Karibu kwangu, baba, huko kwingine utakula majivu." Mgeni hakujua amwamini nani. Aliyekosea kuchagua hakupata nafasi ya kuchagua tena. Filimbi ya treni ilimkuta akitafuna majuto.

Shida hiyo ya abiria ndiyo iliyomfungulia riziki seremala mmoja aliyeitwa Bwana Mihambo. Alisimamisha ubao mpana langoni, chini yake akaweka kapu la vipande vya boksi na mkaa wa kuandikia. Aliyekwisha kula aliombwa aandike alivyoona, ili mwenzake wa treni ijayo asipotee. Hakuna aliyelipwa kwa kuandika, wala aliyedai malipo, kwa sababu mtu aliyekula vizuri hupenda kusema, na aliyekula vibaya hupenda zaidi. Kazi ya Mihambo ilikuwa kupokea kipande na kukigongelea msumari. "Mimi sipiki wala siandiki," alikuwa akisema. "Mimi nagongelea tu."

Miongoni mwa wapishi alikuwamo Bi Kalunde, mjane mwenye ulimi mkali, ambaye kisamvu chake cha karanga kiliwafanya watu walambe hadi kiwiko. Mwanzoni ubao ulimpendeza mno. Kila asubuhi alipita langoni akijifanya anatafuta kuku aliyepotea, kumbe anasoma sifa zake. Watu walishangaa kwamba kuku huyo hupotea mahali pale pale.

Kisha Mihambo akaja kuketi mekoni kwake.

"Dada Kalunde, ubao una juu na chini."

"Hata ngazi ina juu na chini. Sema shida yako."

"Abiria ana haraka. Anasoma palipo mbele ya macho yake, hainami. Msumari wa juu una heshima yake. Unipe kuku kila mwezi, na sifa zako zitakaa pale."

"Kisamvu ni changu, walionisifu ni wateja wangu. Kuku nikupe kwa lipi?"

"Kwa kugongelea."

"Kagongelee vitanda, fundi. Ndiyo kazi uliyofundishwa."

Mihambo hakukasirika. Aliaga kwa adabu, na tangu siku hiyo sifa za Kalunde zikaanza kushuka: zikafika usawa wa magoti, kisha usawa wa nyayo, ambako zilikutana na mbuzi wa kituoni. Mbuzi hao ndio wasomaji pekee waliofika mwisho wa ubao, na walichosoma walikimaliza. Kipande kimoja tu kilisalia mbele ya macho ya watu msimu mzima wa mvua: "Maharage ya Kalunde yana jiwe." Juu yake zilipanda sifa za jirani yake, Bi Mwasiti, ambaye alikuwa ametoa kuku bila ubishi. Mwasiti hakuwa mpishi mbaya. Ila wali wake mara nyingine ulikuwa na kiini, na wenye kulalamikia kiini hicho walisomwa na mbuzi.

Sufuria ya Kalunde ikawa inarudi nyumbani kama ilivyotoka. Nalo balaa halikuja peke yake. Mkuu wa kituo, Bwana Mgalula, alichoshwa na moshi, akatangaza kwamba mvua zikiisha atakuja mwenyewe kukagua, na meko yasiyo na walaji yataondolewa. Kalunde hakuwa na shamba wala mtoto wa kumtegemea. Meko yale ndiyo yaliyokuwa shamba lake.

Akamshika kuku miguu, akaelekea kwa Mihambo. Inasemekana kuku huyo alimtazama njia nzima kwa namna iliyomtia haya. Alipofika langoni akageuka, akarudi, akamchinja na kumpika mwenyewe. Kisha akahamisha mafiga yake matatu, akayatega chini ya ubao kabisa.

Treni ikaja. Abiria wakasongamana kusoma: "Kula kwa Mwasiti, hutajuta." Wakati huohuo mvuke wa kisamvu ukawapanda puani. Mtu anayesoma habari za chakula huku akinusa chakula hadai ushahidi zaidi.

"Mama Mwasiti, nipakulie."

Kalunde hakukubali wala hakukana. "Kaa, baba. Treni haisubiri."

Wakala, wakashiba, wakashika mkaa: "Mwasiti hana mpinzani." Mihambo akavigongelea vipande hivyo juu kabisa, kwa kuwa Mwasiti alikuwa ametoa kuku. Mambo yakaendelea hivyo hadi mvua zilipoisha: Kalunde alilisha, Mwasiti alisifiwa, Mihambo alifuga.

Siku ya ukaguzi Bwana Mgalula alimkuta mzee mmoja akiguguna mfupa chini ya ubao.

"Mzee, unakula kwa nani?"

"Kwa Mwasiti." Mzee akaelekeza mfupa juu. "Si imeandikwa?"

Akamuuliza wa pili na wa tatu, jibu likawa lile lile. Akasoma ubao kutoka juu hadi palipoliwa na mbuzi. "Kalunde nimemwona mara moja tu," alisema, "tena akiwa na jiwe. Meko yake yaondolewe."

Ule ukimya uliomuuzia Kalunde sahani zote zile sasa ulimgeuka. "Kalunde ni mimi," alisema.

"Watu wote hawa wanasema wewe ni Mwasiti."

Ndipo mwanamke mmoja alipopenya katikati ya watu, akiwa amebeba sinia la wali uliopoa.

"Mwasiti ni mimi," alisema. "Nimesifiwa msimu mzima. Nimesifiwa mpaka nimekonda. Kati ya hawa hakuna aliyeonja hata punje ya wali huu. Bwana Mihambo, nirudishie kuku wangu, na sifa zako uzichukue."

Watu wakaangua kicheko. Kalunde aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mwenzangu. Waliniita, nami nikapakua."

"Ungepakua hadi lini?"

"Hadi mkaguzi apite."

Mgalula akamgeukia seremala. "Fundi, ubao wako unasema uongo."

Mihambo hakutikisika, na kwa haki alikuwa na hoja. "Bwana mkubwa, nionyeshe neno moja nililoandika mimi. Jiwe lilikuwamo katika maharage, Kalunde mwenyewe hatakataa. Aliyesifu kisamvu alikila. Maneno haya yote ni ya abiria."

"Ni kweli," alisema Kalunde. "Jiwe lilikuwamo, na fundi hajaandika hata herufi. Maneno ni ya wengi. Ila msumari ni wa mmoja, na huo msumari ndio tuliotakiwa kuulisha kuku."

Bwana Mgalula akaacha kuutazama ubao, akatazama sahani, na kwa kuwa zilikuwa tupu, akaamuru Kalunde abaki, ila arudi uzioni kwa wenzake. Mwasiti naye akaachiwa meko yake, kwa vile aliyeshuhudia dhidi ya sifa zake mwenyewe ni mtu wa kuaminika, hata wali wake ukiwa na kiini.

Ubao haukung'olewa. Treni ziliendelea kuleta wageni wenye njaa wasiomjua mtu, na neno la mgeni aliyetangulia lina faida yake. Lakini wenyeji walipowaona wakisoma, waliwanong'oneza maneno yale ya Kalunde kabla hawajachagua. Hata yule aliyeusifia mgahawa wenu wa jana, huenda alikula kweli akafurahi kweli, wala si yeye aliyewarudisha na njaa. Kuna mwingine aliyeamua kwamba neno lake lisomwe la kwanza, na kwamba la aliyelalamika liende kwa mbuzi. Huyo hamkumuuliza alipewa nini. Maneno ya wengi, wanangu, msumari wa mmoja.