Fisi Aliyejiita Umma

Paukwa.

Pakawa.

Mbona mnaitika kama watu waliokosa uji? Paukwa.

Pakawa.

Hapo sawa. Na wewe wa shati la kijani, toa kidole puani, hadithi inaingilia masikioni.

Hapo zamani za kale, kale ya wanyama kusema na mawe kusikiliza, palikuwa na nchi kavu yenye kisima kimoja tu. Wanyama walikichimba wote pamoja. Nyati alichimba kwa pembe, Ngiri kwa meno, Fuko kwa kucha, na wale wasio na cha kuchimbia waliimba. Walipomaliza wakakifunika, wakasimamisha kibao, wakaandika: KISIMA HIKI NI MALI YA UMMA.

Wakanywa. Wakanywa miaka na miaka.

Siku moja Fisi akapita, akasoma kibao. Akasoma tena. Akacheka peke yake, mnajua anavyocheka. Akaenda mbio kwa karani wa nchi, akaomba abadilishiwe jina. Karani alikuwa Kasuku, naye huandika chochote anachoambiwa. Fisi akarudi na kitambulisho kipya shingoni. Kimeandikwa nini? UMMA. Akatia mnyororo kwenye mfuniko wa kisima, akatia na kufuli kubwa kama kichwa cha Ngiri, akakaa juu yake.

Wanyama wakaja na vibuyu vyao. Fisi akawaonyesha kibao, kisha kitambulisho.

"Kisima cha nani? Cha Umma. Umma nani? Mimi," akasema. "Hapa ni prayveti, ndugu zangu. Nendeni salama."

Siku ya kwanza wakamtuma Nyati. Kifua kama kabati, pembe mbili, sauti ya ngoma. Alikwenda akipiga kwato chini. Fisi akamvulia kofia, akamwita mheshimiwa, akamuuliza kama amesoma kibao. Nyati hajui kusoma, na aliona haya kusema. Akakiangalia kibao kwa muda mrefu, akatikisa kichwa kama msomi, akarudi na kiu yake.

Siku ya pili akaenda Twiga na kamati. Mnajua kamati? Ni wakubwa wanaokaa chini kusubiri jambo lichoke. Fisi akawapa maji wao saba, ya baridi, kwenye glasi. Wakarudi midomo imelowa, wakatangaza kwamba makaratasi ya Fisi yako sawasawa.

Kufikia hapo mtoto wa Digidigi alikuwa hawezi kusimama. Mama yake akaanza kufunga mizigo ahame nchi. Ahamie wapi? Hata yeye hakujua.

Sasa, palikuwa na mwalimu wa chekechea, Kakakuona. Ana vyeti vitatu. Alikuwa amepeleka barua ya kazi kwa Nyati, akapeleka kwa Twiga, akapeleka kwa Kasuku. Wote walimwambia, "Tutakuita." Mpaka leo hawajamwita. Basi akakusanya watoto wa nchi, akawafundisha kupanga foleni, kuokota taka, kusema samahani, na maneno magumu ambayo wakubwa huyatumia bila kuyaelewa.

Siku ya tatu darasani hamkuwa na tone la maji. Mwalimu akawapanga watoto mstari mmoja, kila mtu na kikombe chake, mtoto wa Digidigi mgongoni mwa mwalimu mwenyewe, wakaenda kisimani. Wakubwa wakafuata nyuma kutazama aibu.

Fisi akawaona. Akamwangalia aliyekuwa mbele, Pimbi mdogo, mfupi kuliko ndoo.

"Wewe pimbi, unataka nini hapa?"

"Shikamoo. Ndiyo, mimi ni pimbi. Baba pimbi, mama pimbi. Tumekuja kunywa."

Fisi akamwambia arudi nyumbani kunyonya. Pimbi hakuondoka. Mwalimu naye hakugombana. Alisema saa ya masomo imefika, na masomo huanza kwa kuita majina. Akafungua daftari palepale.

"Ngiri?"

"Nipo."

"Fuko?"

"Nipo."

"Pimbi?"

"Nipo, mwalimu."

Akaita wote. Jina la mwisho kwenye daftari lake lilikuwa lilelile kila asubuhi. Akaliita.

"Umma?"

Fisi akaruka kabla hata hajamaliza. "Nipo! Mmesikia nyote? Mwalimu wenu mwenyewe kaniita. Nipo."

Pimbi akamtazama kwa huruma, kama mnavyomtazama mtu aliyevaa viatu kinyume.

"Mwalimu," akasema, "huyu amekosea. Umma akiitwa hasemi nipo. Anasema tupo."

Fisi akakohoa. Akasema vizuri, hata yeye alitaka kusema hivyo. "Tupo."

"Wewe na nani?" akauliza Pimbi.

Fisi akageuka kulia. Hakuna mtu. Akageuka kushoto. Hakuna mtu. Akatazama nyuma, akaona mkia wake.

Kakakuona akaita mara ya pili. "Umma?"

Watoto wote wakaitika, "Tupo!"

Akaita mara ya tatu. Safari hii akaitika mama Digidigi, akaitika Ngiri mkubwa, akaitika Nyati huku machozi yanamtoka, na Twiga na kamati yake wakaitika wakitazama chini. "Tupo!" Ardhi ikatetemeka. Fisi akafungua kufuli bila kuambiwa.

Mnadhani watoto walivamia? Wale? Walipanga foleni, mnyonge kwanza. Mtoto wa Digidigi akanywa, akasimama kwa miguu yake minne. Wakubwa wakakaa nyuma ya watoto, wakajifunza. Fisi naye akapewa kikombe, akaonyeshwa mwisho wa foleni. Maana hata yeye ni umma, ila ni kapande tu, kama mimi, kama wewe.

Funzo ni hili, wanangu. Cha umma ni chetu, na chetu hakifungwi na mmoja. Raia mwema si mwenye pembe wala mwenye kamati. Ni yule anayejua jina lake, anapanga foleni, na nchi ikiita anaitika pamoja na wenzake, hata kama ni mfupi kuliko ndoo.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Iliyo tamu nendeni nayo nyumbani, iliyo chungu niachieni mimi.

Umma?